Injini ya turbo yenye nguvu na ya kudumu: maana yake kwa gari la kila siku

Mwenye Forester ya turbo au Mark II yenye injini ya 1JZ akifika gereji pale Tabora mjini, jambo la kwanza analolitaja huwa ni presha. "Fundi, niwekee moja nukta mbili." Anamaanisha ba 1.2 za presha ya turbo, na kichwani ameshaona gari linavyochanganya barabara ya Nzega. Fundi anayeijua kazi yake hujibu kwa swali: "Kaka, oili umebadilisha lini? Na petroli unaweka wapi?"

Mteja huona kama anazungushwa, kumbe ameulizwa penyewe. Injini ya turbo yenye nguvu na ya kudumu ni ile ambayo joto inalotengeneza halizidi joto inaloweza kulitoa nje, hata siku ya jua kali, petroli ikiwa ya sheli yoyote na dereva akiwa na haraka. Presha ni tarakimu moja tu katika hesabu hiyo, tena si ya kwanza.

Nguvu ya injini inatokana na hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, kwa hiyo kumwaga petroli zaidi bila kuongeza hewa kunaleta moshi mweusi tu. Injini isiyo na turbo hupata hewa kwa kadiri anga linavyosukuma. Turbo inatumia moshi wa ekzosi unaotoka na kasi na joto: moshi unazungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo limeungwa kwa shafti na gurudumu la pili upande wa hewa safi, na la pili linaishindilia hewa ndani ya silinda. Wazo hili si la jana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia hataza mwaka 1905, na magari madogo ya kwanza ya turbo kuuzwa kwa watu yalitoka Marekani mwaka 1962, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair. Shafti ya turbo ya gari dogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Injini ya nguvu za farasi 300 inakula takriban kilo 13.5 za hewa kwa dakika ikikanyagwa hadi mwisho. Mchana wa Oktoba Tabora hizo ni kama mita za ujazo 13. Chumba cha mita tatu kwa tatu kingebaki bila hewa kabla dakika mbili hazijaisha. Hewa yote hiyo inapita kwenye filta moja, paipu moja na kigurudumu kinachoenea kiganjani.

Tabora ina jambo lake hapa. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na presha ya anga ni kama ba 0.88, wakati Dar es Salaam ni 1.01. Gari lisilo na turbo linapoteza karibu sehemu moja ya nane ya nguvu likipanda kutoka pwani hadi hapa. Kigoma mjini, kando ya ziwa, hali ni nafuu kidogo kwa kuwa maji ya Tanganyika yako kwenye mita 770 hivi. Turbo hufidia upungufu huo, na ndiyo maana watu huku wanaipenda, ila haifidii bure. Geji ya presha inasoma kile kilichoongezwa juu ya anga. Sindano ikigota 0.8 Dar, hewa iliyo ndani ina ba 1.81 kwa jumla, na turbo imeizidisha mara 1.79. Sindano hiyohiyo ikigota 0.8 Tabora, jumla ni 1.68 na turbo imeizidisha mara 1.91. Yaani umepata hewa pungufu kwa kazi kubwa zaidi. Na kama kompyuta ya gari inalenga presha ya jumla badala ya ile ya geji, itailazimisha turbo izunguke zaidi ili kuziba pengo. Namba ambayo rafiki yako wa Dar anaendeshea mwaka wa tatu bila tatizo, kwako ni mzigo mwingine.

Hewa ikishindiliwa inapata moto. Chukua hewa ya nyuzi 33 za sentigredi, izidishe mara 1.91 kwa turbo ya kawaida: inatoka ikiwa karibu nyuzi 120. Kazi ya intakula ni kuirudisha hewa hiyo kwenye 45 au 50 kabla haijaingia silinda. Kwenye Forester na Impreza nyingi intakula imelazwa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari likiwa mwendoni inapata upepo. Likisimama stendi kwa robo saa, inapikwa na joto la injini kutoka chini, na ukikanyaga mafuta ghafla unapotoka pale, hewa ya kwanza inaingia ya moto. Mtu anayeendesha mjini kila siku yuko katika hali hiyo muda mwingi, kwa hiyo intakula kubwa ya mbele, nyuma ya bampa, ina maana kwake kuliko turbo kubwa.

Ubaya wa hewa ya moto ni kugonga, na hapa inafaa tusimame, maana ndiko injini nyingi za turbo zinakofia.

Katika hali ya kawaida plagi inatoa cheche na moto unaenea kwa mpangilio kutoka katikati kwenda pembeni. Mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki pembeni unabanwa na kupata joto wakati moto unauendea. Ukipata joto kupita kiasi unajiwasha wenyewe kabla moto haujaufikia, wote kwa mara moja, na mawimbi ya presha yanapiga kuta za silinda na pistoni. Ukiwa na sikio zuri unasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Kwenye turbo, mara nyingi husikii kitu, kelele za upepo na ekzosi zimeufunika. Kugonga kidogo, sekunde mbili hivi, injini inavumilia. Kugonga kila siku ukipandisha mlima na abiria wanne kunaimaliza.

Pistoni iliyouawa hivyo ukiitazama juu unaweza usione kitu, ina weusi wa kawaida tu. Igeuze ubavu. Kati ya ringi ya kwanza na ya pili pana ukingo mwembamba wa aluminiamu, na hapo kipande kimeng'oka, palipovunjika pana rangi ya kijivu safi na ringi ya juu inacheza. Kwenye plagi ya silinda hiyo, ukiiweka juani, unaona vitone vidogo vinavyong'aa juu ya kaure nyeupe. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Gari lenye pistoni ya namna hiyo bado linawaka na linatembea. Linapiga moshi wa bluu asubuhi, linatupa oili kwenye paipu ya hewa, na mwenye gari huambiwa turbo imekufa. Ananunua turbo nyingine ya mtumba, moshi unabaki palepale. Kabla ya kununua turbo, pima kompresheni ya kila silinda. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kinachozuia kugonga, ukiacha hewa ya baridi, ni oktani ya petroli, wingi wa petroli, na muda wa cheche. Oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyokataa kujiwasha yenyewe. Injini nyingi za turbo za Kijapani ziliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya kwao, ambayo kwa viwango vyao haishuki chini ya oktani 96. Kwa hiyo likiwekewa petroli ya oktani ya chini, gari lililoshushwa bandarini bila kuguswa chochote linaweza kuwa tayari limekaribia mpaka wake, na wewe hujaongeza hata nukta moja. Kuna pia mafuta ya kuchakachuliwa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza mpango wa kuyawekea mafuta kiasili cha utambuzi mwaka 2010 kwa sababu hiyo, lakini petroli ya kwenye madumu vijijini haina wa kuipima. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa oktani yake imeshuka. Corolla ya kawaida italalamika kidogo na kuendelea, turbo iliyoongezwa presha haina nafasi hiyo. Nunua sheli yenye magari mengi, na ukilazimika kuweka ya dumu ukielekea Sikonge, endesha taratibu hadi iishe.

Kuhusu wingi: turbo ikisukuma, mchanganyiko unatakiwa uwe mzito zaidi, kilo 11.5 hadi 12 za hewa kwa kilo ya petroli, kwa kuwa petroli ya ziada inapoza silinda. Sasa fikiria pampu ya petroli ya miaka 20 na nozeli zilizoziba nusu. Ukiongeza hewa, petroli haifuati, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, kugonga kunaanza. Pampu mpya na nozeli zilizosafishwa na kupimwa ni matumizi yasiyo na sifa mtaani, hakuna anayezisikia zikipiga "pshhh" kwenye taa za barabarani. Ndizo za kuanza nazo.

Oili nayo. Shafti ya turbo huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyohiyo inabeba sehemu ya joto. Ukiifungua turbo ishike ncha ya shafti kwa vidole viwili: kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, kucheza mbele na nyuma si kawaida, na bapa za gurudumu zikiwa zimesugua nyumba yake basi hiyo imekwisha. Kwenye Subaru nyingi zenye injini ya EJ kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya paipu inayopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba kwa masizi ya oili iliyochoka, turbo inakauka. Badilisha oili kila kilomita 5,000, isiyo feki, na baada ya safari ndefu acha injini iungurume dakika moja hivi kabla ya kuzima, oili isije ikaungua ndani ya turbo yenye moto.

Vumbi la kwenda Urambo au Uyui ni adui wa namna nyingine. Filta ya wazi ya mitindo, ile ya chuma yenye rangi, haina kazi huku. Boksi la filta la kiwandani likiwa na filta mpya na mipira isiyopasuka linatosha kwa nguvu za farasi 250 na ushee. Mpasuko mdogo baada ya filta unapitisha mchanga unaolamba ncha za gurudumu hadi zinakuwa butu.

Vijana hukimbilia pistoni za kufua (zilizogandamizwa kwa mashine) kana kwamba ndizo mwanzo wa kila kitu. Kwa gari la kila siku ninazipunguzia umuhimu. Ni imara kuliko za kusubu (zilizomiminwa kwenye kalibu), kweli, ila nyingi huhitaji nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda na hugongagonga kuta za silinda injini ikiwa baridi, na hazizuii kugonga bali zinakuvumilia tu. Pesa hiyo ingetangulia kwenye rejeta, pampu ya petroli na fundi wa kompyuta ya gari. Forester iliyotoka kiwandani na farasi 220 ningeikomesha 260 au 270 kwa injini isiyofunguliwa, mradi kompresheni yake iko sawa, na bado nikaihurumia giaboksi. 1JZ ina bloku la chuma cha kusubu na inabeba zaidi, 350 bila wasiwasi mkubwa. Lakini zile za mwanzo zenye turbo mbili zina magurudumu ya kauri upande wa moshi, na ukizisukuma mbali na presha ya kiwandani magurudumu hayo huvunjika. Hapo turbo ibadilishwe kwanza, ndipo presha iongezwe.

Na turbo ya kuweka isiwe kubwa mno. Kubwa inachelewa kuamka: unakanyaga, unasubiri, halafu nguvu inakuja yote ukiwa umeshafika kwenye tuta. Ya wastani inavuta kuanzia mizunguko 2,500, na huko ndiko unakoishi ukiwa mjini.

Wenye dizeli, Surf na Prado zenye injini ya 1KZ au Land Cruiser zenye 1HD, mambo yao ni mafupi zaidi. Kugonga kwa aina hii hakuwahusu, wanachochunga ni joto la moshi. Moshi mweusi mzito ukipanda mlima unaonyesha dizeli imezidi hewa, na 1KZ ikichemshwa hivyo silinda hedi hupasuka.

Yote yakishawekwa sawa ndipo presha inaguswa, kwa hatua ndogo, kompyuta ndogo ikiwa imeunganishwa na gari inarekodi. Chagua mchana wa joto, si alfajiri. Gari likiwa na watu, gia ya tatu, mlima mrefu, kanyaga kutoka mizunguko 2,500 hadi 5,500, halafu soma rekodi. Kama kompyuta ya gari imechelewesha cheche kwenye mizunguko 4,500, sensa imesikia kugonga ambako wewe hukukusikia. Shusha presha kutoka ba 1.0 hadi 0.9 na urudie mlima uleule. Rekodi ikitoka safi mara kadhaa, iache hapo, hata kama rafiki wa Dar anakwambia yake iko 1.2.