Ramani ya memori na mfuatano wa maandishi kwenye draiva ya kadi ya michoro

Kadi ya michoro ina memori yake na rejista zake, yaani vihifadhi vidogo vya kuiamuru. Ili draiva (programu inayoiendesha kadi) izifikie, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huzitengea anwani: ukiandika kwenye anwani hizo, data haiendi kwenye RAM, inapita PCI Express, njia inayounganisha kadi na kompyuta, hadi kwenye kadi. Kwa kadi nyingi dirisha hilo limezoeleka kuwa la MB 256. Hiyo ndiyo ramani ya memori. Kwenye msimbo wa C inaonekana kama safu ya kawaida tu, na kuonekana huko ndiko kunakoponza watu.

Ramani zina aina. Rejista huwekwa kwenye ramani isiyo na kashe (memori ya haraka ya prosesa). Kwenye Linux ni `ioremap()`, na kila andiko hutoka kwa zamu yake. Memori ya picha huwekwa kwenye ramani ya kukusanya maandishi, `ioremap_wc()`. Hapo prosesa hulimbikiza kwanza kwenye bafa ndogo, za baiti 64 kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD), kisha hutuma furushi zima. Kuandika kunakuwa kwepesi sana (kusoma humo ni mateso, usijaribu), ila mafurushi hutoka bila kufuata mpangilio ulioandika.

Anayeujua mfumo wa stakabadhi ghalani ataelewa upesi. Magunia ya korosho yanatoka Tandahimba, yanapimwa ghala kuu, ndipo stakabadhi inaandikwa na mzigo unaingia mnadani. Stakabadhi ikilitangulia lori, mnunuzi analipa kisha anakuta sakafu tupu. Draiva nayo huandika amri kwenye bafa ya mzunguko, ambayo ikijaa hurudi mwanzo, halafu huandika rejista ya mkia kuiambia kadi amri zimefika wapi. Mkia ukitangulia, kadi inasoma mabaki ya amri za zamani na kuganda.

Dawa ni kizuizi, `wmb()`, kinachozuia andiko la pili kulitangulia la kwanza, kati ya hatua hizo mbili:

`memcpy_toio(bafa, amri, n);`
`wmb();`
`writel(mkia, rejista);`

Kutumia neno `volatile` la C hakusaidii: linaibana kompaila, prosesa hailijui. Na ukibadili `writel()` kuwa `writel_relaxed()` kwa kutafuta kasi, kizuizi ni juu yako. Ubaya wa kosa la kusahau kizuizi ni kwamba x86 hulificha, maana kuandika rejista isiyo na kashe humwaga bafa zile zenyewe. Draiva inakwenda vizuri miezi, siku inapohamishiwa bodi ya ARM (aina nyingine ya prosesa) inaanza kuganda, tena si kila mara.

Jambo moja zaidi. `wmb()` hulinda mfuatano, haisemi mzigo umefika. PCI Express haimrudishii mwandishi jibu. Kama umeandika rejista ya kuwasha upya na unatakiwa kusubiri mikrosekunde 10, soma kwanza rejista mojawapo ya kadi hiyo hiyo: jibu la usomaji haliwezi kurudi kabla ya andiko kufika. Ndipo uite `udelay(10)`, inayosubiri mikrosekunde hizo. Ukianza kuhesabu mapema, unaipimia muda kadi ambayo bado haijapata habari.