Bia ya presioni nyumbani Goma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Siku hizi, kwenye baadhi ya nyumba za Himbi na Katindo utakuta frigo iliyotobolewa mlango, robine imechomoza nje na kegi, yaani pipa la bia, imekaa ndani. Glasi ikitoka na ladha mbaya, lawama huenda mbali: kiwanda, dereva aliyeleta kegi, jua la njiani. Mara nyingi ubaya uko ndani ya ule mpira wa meta chache kati ya kegi na glasi, na mwenye nyumba hautazami kwa sababu ya maneno aliyosikia kwa watu. Haya ndiyo maneno hayo.

«Bia ina pombe, mpira unajisafisha wenyewe»

Bia ya kawaida ina pombe ya asilimia 5 hivi. Pombe ya kuua vijidudu mikononi huanzia asilimia 60. Hapo hakuna hata ushindani.

Kuna ukweli kidogo uliojificha humo, nao ndio unaowadanganya watu: vijidudu vya magonjwa kwa kawaida havistawi ndani ya bia, maana ina uchachu, ina hops (maua yanayoipa uchungu), ina gesi na haina oksijeni. Lakini wapo wanaoipenda hivyo hivyo ilivyo. Bakteria wa asidi ya laktiki, kama Pediococcus, huleta ladha ya siagi iliyokaa. Acetobacter hugeuza pombe kuwa siki, na kwa kuwa anahitaji hewa, makao yake ni kwenye robine. Hamira za porini nazo huingia. Wote hao hujishika ukutani mwa mpira na kujifunika utando wa ute, na bia inapita juu yao tu bila kuwasumbua.

Kwa hiyo anayesema «bia chafu iliniharibu tumbo» aangalie pia mishikaki aliyokula. Uchafu wa mpira huharibu kwanza ladha.

«Sisi tunakunywa kidogo, hatuhitaji kusafisha kama baa»

Ni kinyume chake. Baa yenye wateja hupitisha bia mpya mchana kutwa. Nyumbani glasi mbili hutoka Jumamosi, kisha bia hulala mpirani mpaka Jumamosi nyingine. Kanuni ya watu wa kazi hii ni kusafisha kila siku 14, na sioni sababu ya nyumba kujipa ruhusa zaidi. Robine na kichwa cha kegi vifunguliwe siku hiyohiyo, kila kipande kisuguliwe kwa brashi, pamoja na zile raba ndogo za mviringo.

«Maji ya moto yanatosha»

Maji peke yake huondoa bia na kuacha utando. Tena hapa Goma, kwenye meta 1,460 na zaidi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na hata hayo ni makali mno kwa mpira wa plastiki: unalegea na kupinda.

Kinachovunja utando ni soda kostiki, ileile wanayotumia watengeneza sabuni wetu, ingawa iliyotengenezwa mahsusi kwa mabomba ya bia ni bora, kwa sababu haina takataka na ina viungo vinavyosaidia kusuuza. Kipimo ni asilimia 2, yaani gramu 20 kwa lita moja, katika maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 50. Soda hutiwa ndani ya maji. Ukifanya kinyume, ukimwagia soda maji, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glavu na miwani. Watoto wawe nje. Dawa ikizungushwa kwa pampu, dakika 15 zinatosha. Kama huna pampu, ijaze mpirani na uiache itulie dakika 20 au zaidi. Kipande chochote cha alumini kisiguswe na soda, maana huliwa nayo na kutoa hidrojeni, gesi inayowaka.

Hata soda ina mpaka wake. Lile gamba la kijivu au la kahawia linaloitwa jiwe la bia ni kalisi oksalati, na soda hailiwezi. Hilo linataka asidi, kila baada ya miezi mitatu, baada ya soda kusuuzwa yote. Havichanganywi.

«Tia javeli, inaua kila kitu»

Javeli, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, hutoboa vidonda vidogo kwenye chuma cha pua, na harufu yake huingia ndani ya plastiki na kubaki. Bia inayopita hapo baadaye huwa na ladha ya dawa ya hospitali. Na ikikutana na asidi uliyotumia kwa jiwe la bia, hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Iache kwa ajili ya sakafu.

«Karatasi ya kupimia ikionyesha 7, umesuuza vizuri»

Hapa maelekezo ya vitabu vya mbali hayatufai vizuri. Maji ya bomba la Goma hutoka Ziwa Kivu, na maji ya juu ya ziwa hilo yenyewe yana pH (namba inayosomwa kwenye karatasi hiyo, ambapo 7 ni katikati, si asidi wala soda) ya karibu 9. Utasuuza mpaka bidoni ziishe, karatasi haitafika 7 kamwe, na utadhani soda bado imo. Pima kwanza maji unayoyamimina, kisha yale yanayotoka kwenye robine. Yakilingana, basi. Yasipolingana, endelea, kwa sababu soda iliyobaki huchoma koo, na hiyo ni hatari kubwa kuliko vijidudu vyote nilivyotaja.

Maji ya mwisho yawe ya kunywa: yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotiwa dawa ipasavyo. Maji yaliyochotwa ziwani moja kwa moja yanaweza kuwa na kipindupindu, na mji huu hauhitaji kukumbushwa habari hiyo.

«Povu likizidi, punguza gesi»

Jambo la kwanza la kushuku ni joto. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita na kegi ikapanda kutoka nyuzi 3 hadi 10, gesi haikai tena ndani ya bia hata ufanye nini. Subiri ipoe. Ukipunguza presha, gesi hutoka ndani ya mpira kabla bia haijafika kwenye glasi, povu linaongezeka, na baada ya siku chache bia imekufa. Sababu nyingine ni mpira mfupi: wenye tundu la milimita 4.8 ufike meta 3 hivi, usiwe meta moja kwa kubana matumizi. Na robine ifunguliwe yote kwa mara moja. Kuifungua nusunusu ndiko kunakotengeneza povu.

Hata namba ya presha huwa inanakiliwa vibaya. Majedwali mengi yametengenezwa kwa usawa wa bahari: baa 0.8 (baa hapa ni kipimo cha presha) kwa bia ya nyuzi 3. Hewa ya Goma ni nyepesi, hivyo ongeza karibu baa 0.15.

«Mshale uko juu, mtungi umejaa»

Mshale unaoonyesha presha ya ndani ya mtungi wa gesi inayosukuma bia hubaki palepale mpaka gesi ya maji, yaani gesi iliyobanwa ikawa kimiminika, iishe ndani, kisha unaporomoka. Pima kwa mizani. Na mtungi usimame wima. Ukilazwa, gesi ya maji inaingia kwenye regyuleta, kifaa kinachopunguza presha.

«Hiyo gesi ni ya soda ya kunywa tu, haiui»

Anayesema hivi Goma ananishangaza kuliko angekuwa wa mji mwingine. Mazuku inayoua mbuzi na watu kwenye mabonde ya lava upande wa Bulengo na Lac Vert ni gesi hiyohiyo, kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, inayokaa chini mahali pasipo upepo. Mtungi wa kilo 5 ukivuja wote, unatoa zaidi ya meta 2.5 za ujazo. Katika chumba kilichofungwa cha meta 3 kwa 3, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hewa yote, kiasi kinachomwangusha mtu haraka. Mshumaa si kipimo: utaendelea kuwaka wakati wewe tayari umo hatarini.

Mtungi usiwekwe chumba cha kulala wala kwenye shimo la chini ya nyumba. Kila ukifunga kiungo, kipake maji ya sabuni uone kama kinatoa mapovu. Funga valvu ya mtungi usiku. Na ukimkuta mtu ameanguka karibu nao, usiiname kumwamsha: fungua milango na madirisha ukiwa nje, ita watu, na mwingie tu hewa ikishabadilika.