Kyalami: uwanja ambao hewa yake iliamua washindi

Wateja wanaohamia Nairobi kutoka Mombasa huniletea magari wakilalamika kwamba injini imechoka. Mara nyingi haina ugonjwa wowote. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) huvuta kile inachokipata tu. Hewa ikipungua, mafuta yanayoweza kuungua vizuri nayo hupungua, na nguvu inashuka. Jambo hilo hilo linaeleza nusu ya historia ya Kyalami, uwanja wa mbio za magari wa Afrika Kusini, na watangazaji wa michezo hulipita haraka mno.

Kyalami iko kati ya Johannesburg na Pretoria, na ilifunguliwa mwaka 1961. Wakati huo mbio za langalanga (Formula One) za Afrika Kusini zilikuwa zikifanyika East London, mji wa pwani. Mwaka 1967 zikahamia Kyalami, mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kila injini ikapoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Lakini kilio cha wengi harusi. Zote zilivuta hewa kwa namna moja, na kazi ya fundi ilikuwa kupunguza mafuta mpaka yalingane na hewa iliyopo.

Mwaka huo nusura John Love, dereva wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, awaaibishe wakubwa. Alikuwa na Cooper kuukuu ya silinda nne, lita 2.7, ilhali sheria iliruhusu lita 3. Akaongoza. Zikiwa zimebaki raundi saba ikabidi aingie kuongeza mafuta, Pedro Rodríguez wa Mexico akampita na kushinda. Love alimaliza wa pili. Mwaka uliofuata, siku ya Mwaka Mpya, Jim Clark alishinda hapo mbio zake za 25 na kuvunja rekodi ya ushindi ya Juan Manuel Fangio wa Argentina. Hakushinda tena langalanga. Aprili alifariki Hockenheim, Ujerumani.

Sehemu ya uwanja ule wa zamani iliyoogopwa ni ile barabara ndefu iliyonyooka, iliyopanda kilima kidogo kisha ikateremka hadi kona ya Crowthorne. Tarehe 5 Machi 1977, gari la Renzo Zorzi lilisimama kushoto, upande wa pili wa kilima, likaanza kuwaka kidogo. Wasaidizi wawili wa uwanja wakakimbia kuvuka barabara. Wa kwanza alipita. Wa pili, Frederik Jansen van Vuuren, kijana wa miaka 19, alibeba mtungi wa kuzimia moto. Hans-Joachim Stuck alifanikiwa kumkwepa. Tom Pryce, aliyekuwa timu moja na Zorzi, alikuwa nyuma ya Stuck kwa kasi ya karibu kilomita 270 kwa saa, na kilima kilikuwa kimemfichia kila kitu. Gari lake lilimgonga kijana, akafa papo hapo. Mtungi ulimpiga Pryce kichwani, naye akafa, lakini gari lake liliendelea kuteremka lenyewe hadi likagonga la Jacques Laffite pale Crowthorne. Niki Lauda ndiye aliyeshinda siku hiyo.

Mwaka huo huo Renault walileta langalanga injini ya lita 1.5 yenye tabo, ambayo sheria iliiruhusu ishindane na lita 3 za kawaida. Iliharibika ovyo na wapinzani wakaicheka. Kwa Kyalami, hata hivyo, kicheko kilikuwa cha muda. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi na kusukumia hewa ndani ya silinda. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, unaongeza msukumo. Lita 3 haina pa kukimbilia. Mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille alianza wa kwanza mstarini, mara ya kwanza kwa gari la tabo. Mwaka 1980 René Arnoux akashinda. Kufikia 1982 magari sita ya mbele mstarini yote yalikuwa ya tabo, na Alain Prost alipata pancha, akapoteza raundi nzima, akarudi akashinda. Mwaka 1983 Nelson Piquet alimaliza wa tatu hapo hapo, akawa bingwa wa kwanza wa dunia mwenye injini ya tabo.

Yote hayo yalifanyika chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Oktoba 1985, miezi michache baada ya hali ya hatari kutangazwa, Renault na Ligier, timu za Ufaransa, walikataa kwenda kwa shinikizo la serikali ya Ufaransa. Wengine walikwenda, Nigel Mansell akashinda. Sina utetezi wa kuwapa.

Langalanga ilirudi 1992 na 1993, kwenye njia mpya yenye kona nyingi. Ile barabara ndefu haikuwepo tena. Mwaka 2014 uwanja uliuzwa kwa mnada kwa randi milioni 205, ukakarabatiwa, na sasa una kilomita 4.5.

Langalanga ikirudi Kyalami leo, kila gari litakuwa na tabo, kwa hiyo faida waliyokuwa nayo Renault haipo. Itabaki shughuli ile wanayokutana nayo mafundi kule Mexico City, kwenye mita 2,200: tabo italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ijaze silinda zile zile, na breki zitapata hewa pungufu ya kuzipoza.