Intaneti ipo, mfumo haupo: 8.8.8.8 kwenye kompyuta ya ofisi

Mama mhasibu alinivutia kiti hata kabla sijamaliza shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Kaa hapa uone mwenyewe. WhatsApp inafunguka, barua pepe zinaingia, mfumo wa hesabu tu ndio haufunguki. Na leo ni siku ya mishahara."

Ilikuwa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Dar es Salaam: kompyuta kumi na nne, na seva moja iliyowekwa kwenye chumba cha stoo. Umeme ulikatika saa mbili asubuhi ukarudi baada ya robo saa. Wakaniambia hali hiyo si ngeni kwao. Kila umeme ukikatika, baadhi ya kompyuta zinakataa mfumo mpaka zizimwe na kuwashwa tena, siku nyingine mara mbili. Fundi aliyenitangulia aliwaambia seva imechoka, na makadirio ya bei ya seva mpya yalikuwa yameshafika kwa mkurugenzi.

Seva ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa tarakimu nne ambazo mafundi wengi wa hapa tunazijua kwa kichwa, na ambazo tunaziandika kwenye kila kompyuta tunayoigusa: 8.8.8.8, anwani ya huduma ya Google huko nje. Naandika haya kwa sababu nimelikuta kosa hili katika ofisi nyingi mno, na karibu kila mara aliyelifanya alidhani anasaidia.

Mimi huanza na dirisha la amri. Naandika ipconfig /all, kisha nasoma vitu vitatu: anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao, anwani ya lango, yaani ruta inayoitoa nje, na anwani za DNS, yaani seva zinazoulizwa jina fulani lina namba gani. Kwa mama nilikuta anwani 192.168.10.23, lango 192.168.10.1, na DNS mbili. Ya kwanza 192.168.10.5, ambayo ndiyo seva yao ya stoo. Ya pili 8.8.8.8.

Anwani yenyewe ingeanza na 169.254, ningeachana na habari za DNS na kuinama chini ya meza kuangalia kebo. Kompyuta ya Windows hujipa anwani ya namna hiyo inapoomba anwani kwenye mtandao na kukosa wa kuigawia. Hapo ukishika DNS unapoteza muda. Mara nyingi ni kebo iliyolegea, au swichi inayounganisha kebo za mtandao imezimika, au huduma ya DHCP inayogawa anwani imesimama.

Nikapiga ping, amri ya kuita anwani uone kama inajibu, kwenye lango, likajibu. Nikapiga 8.8.8.8, ikajibu, basi njia ya nje iko wazi. Nikapiga 192.168.10.5, seva ikajibu papo hapo. Kisha nikapiga jina ambalo programu ya hesabu hulitumia kuitafuta seva, hesabu.ofisi.lan. Kompyuta ikasema haimjui mwenye jina hilo. Seva iko hai hatua chache kutoka pale, inafikika kwa namba, ila jina lake limepotea.

Kazi ya DNS ni hiyo tu, kugeuza jina kuwa namba. Zamani, mtandao ukiwa mdogo, majina yote yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa Stanford Research Institute kule California, na kila kompyuta ilichukua nakala yake. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo tunaoutumia hadi leo, ambao majina yamegawanywa na kila eneo lina seva inayoyajua ya kwake. Hayo ya "ya kwake" ndiyo muhimu hapa. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi. Ukimuuliza mjumbe wa mtaa wenu nyumba ya fulani, anakupeleka hadi mlangoni. Mjumbe wa mtaa wa mbali hawezi kukupeleka, hata kama ni mtu maarufu mji mzima.

Seva ya stoo ndiye mjumbe wa ofisi ile. 8.8.8.8 ni huduma ya Google iliyoanza mwaka 2009. Ni nzuri, ni ya haraka, inajua majina yote ya hadharani duniani, lakini hesabu.ofisi.lan ni jina la ndani ya kuta zile tu. Google haiwezi kulijua.

Nikataka kuhakikisha. Niliandika nslookup hesabu.ofisi.lan, amri ya kuuliza DNS namba ya jina, na jibu likaja sahihi kabisa: 192.168.10.5. Hapa ndipo mafundi wengi wanapochanganyikiwa. Amri moja inasema jina lipo, nyingine inasema halipo, kompyuta ni hiyo hiyo, dakika ni hiyo hiyo. Sababu ni kwamba nslookup haipiti kwenye kumbukumbu ya Windows, inamohifadhiwa kwa muda majibu ya majina yaliyokwisha kuulizwa. Yenyewe humwendea DNS wa kwanza kwenye orodha na kumuuliza moja kwa moja. Programu ya hesabu na ping hupitia huduma ya DNS ya Windows, yenye kumbukumbu yake na utaratibu wake wa kuchagua nani wa kumuuliza.

Nikaifungua kumbukumbu hiyo kwa ipconfig /displaydns. Nikashuka polepole, mama akiangalia begani kwangu, mpaka kwenye mstari wa hesabu.ofisi.lan. Chini yake Windows ilikuwa imeandika kwamba jina hilo halipo. Jibu hilo halikutoka stoo, kwa sababu seva ya stoo inalijua jina lile. Nikaandika nslookup hesabu.ofisi.lan 8.8.8.8, kumuuliza wa pili peke yake. Akajibu: halipo.

Watu wengi hudhani DNS ya pili ni msaidizi, kwamba wa kwanza asipolijua jina, kompyuta itamuuliza wa pili. Sivyo. Wa pili huulizwa pale wa kwanza anapokaa kimya. Mmoja akijibu "halipo", hilo ni jibu kamili na kompyuta inalipokea. Na wa kwanza akikaa kimya, Windows inaweza kuendelea kumtumia wa pili kwa muda hata baada ya wa kwanza kuamka.

Sasa tazama asubuhi ile. Umeme unarudi. Kompyuta za mezani zinawaka kwa dakika moja au mbili. Seva ni nzito, inachukua dakika kadhaa kuamka na kuanzisha huduma zake. Katikati hapo kompyuta inauliza jina, seva iko kimya, inamgeukia Google, Google inasema jina halipo. Kompyuta inaamini. Tovuti zote zinafunguka kwa sababu Google inazijua, kwa hiyo hakuna anayeshuku mtandao. Aliyechelewa kufika kazini akawasha kompyuta yake seva ikiwa imeshaamka, yeye hapati tatizo. Ndiyo maana ilikuwa "baadhi ya kompyuta", na ndiyo maana kuzima na kuwasha kulisaidia.

Kwa mama niliondoa 8.8.8.8, nikaandika ipconfig /flushdns kufuta kumbukumbu, kisha nikamwomba afungue mfumo. Ulifunguka. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika hautafunga tena akiwa katikati ya malipo.

Kazi kubwa ikabaki kwenye ruta, maana ndiyo iliyokuwa inazigawia kompyuta DNS hizo mbili kila zinapoomba anwani. Nikabadilisha huko, igawe 192.168.10.5 peke yake. Kompyuta nne zilikuwa zimeandikiwa mipangilio kwa mkono. Nikazirudisha zichukue kwa ruta, nikaendesha ipconfig /release na ipconfig /renew kwenye kila moja, iachie anwani yake na kuomba upya. Kompyuta iliyoandikiwa kwa mkono haisikii mabadiliko ya ruta, na fundi akiisahau moja, ndiyo itakayompigia simu Jumatatu.

8.8.8.8 sikuitupa. Niliipeleka mahali pake, ndani ya seva yenyewe, kwenye sehemu inayoielekeza iulize wapi inapokutana na jina isilolijua. Kwa hiyo kompyuta inaiuliza seva. Likiwa jina la ndani, seva inajibu yenyewe. Likiwa la nje, seva inakwenda kuuliza kwa niaba yake.

Mkurugenzi aliuliza swali la haki: sasa seva ikilala, si hata intaneti itakosekana? Ndiyo, itakosekana. Nilimweleza wazi kwamba dawa kamili ni seva ya pili ya DNS ya ndani, inayojua majina yale yale, ndiyo ikae kwenye nafasi ya pili. Mpaka wapate hiyo, nachagua wote wakose intaneti dakika chache na kila mtu ajue seva imelala, kuliko mhasibu kuhangaika asubuhi nzima na kompyuta inayoonekana nzima. Nilimwomba pia fedha ya seva mpya aitumie kwanza kununua betri ya UPS ya stoo, kifaa cha kuishikilia seva umeme ukikatika, iliyokuwa imekufa kabisa.

Kuna jambo jingine nililikuta, nalo lilinisikitisha zaidi. Kwenye kompyuta mbili mtu alikuwa ameandika jina la seva na namba yake ndani ya faili la hosts, kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc. Faili hilo ni mjukuu wa lile la Stanford, na Windows bado inalisikiliza. Ukiandika humo, tatizo linatoweka siku hiyo hiyo, na miaka miwili baadaye seva ikibadilishiwa namba, kompyuta hizo mbili zitaendelea kuitafuta ya zamani na hakuna atakayejua kwa nini. Niliifuta mistari ile. Fundi mwenzangu, ukilazimika kuandika humo, bandika karatasi kwenye seva useme ni kompyuta zipi.

Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, nilirudi na mlinzi akanifungulia. Tukazima swichi kuu kwa makusudi, tukasubiri, tukawasha. Nikakaa kwenye meza ya mama. Dakika ya pili kompyuta ilikuwa tayari na hakuna kilichofunguka, wala mfumo wala tovuti yoyote. Dakika ya tano, hakuna. Ya saba, feni za seva zikatulia kule stoo. Nikabofya mfumo wa hesabu bila kugusa kitu kingine, ukafunguka, na tovuti nazo zikafuata. Tukarudia mara tatu.