Serikali kuokoa benki: maana yake nini?

Benki haiweki pesa zote za wateja wake ndani ya sefu. Ulizoweka jana, leo ziko kwa mwenye lori au kwa anayejenga ghorofa, na zitarudi kidogo kidogo. Wateja wakija wote kwa siku moja, hata benki yenye mali za kutosha hukwama: mikopo inayo, noti haina. Huo ni upungufu wa ukwasi. Upungufu wa mtaji ni ugonjwa mwingine, mbaya zaidi. Unaweza kuuza mpaka viti, na bado madeni yasiishe.

Benki iliyokosa ukwasi ikikopeshwa na Benki Kuu huweza kusimama tena. Iliyomaliza mtaji, mkopo huizidishia mzigo tu. Serikali huiongezea mtaji na kuchukua hisa, huitaifisha, huihamishia kwa benki nyingine au huifunga. Yote hayo ni kuingilia kati, ingawa wengi wakisikia “kuokoa benki” huwaza pesa za kodi peke yake. Tabu ni kwamba wakati wa taharuki ni vigumu kujua mgonjwa anaumwa nini.

Marekani waliyaona haya mwaka 2008. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers iliachwa ianguke Septemba 15. Kesho yake kampuni ya bima ya AIG ikaahidiwa mkopo wa dola bilioni 85. Septemba 29 Baraza la Wawakilishi likakataa mpango wa kuokoa benki wa dola bilioni 700, bei za hisa zikaporomoka, na siku nne baadaye wabunge haohao wakaupitisha. Waliopinga walikuwa na hoja nzito: faida mlipata wenyewe, hasara iweje yetu sote? Tena, mtoto anayejua baba atalipa hakopi kwa adabu. Waliounga mkono walijibu kwamba benki kubwa haianguki peke yake, na kwamba mwenye kiwanda akinyimwa mkopo, mishahara ndiyo hukosekana kwanza.

Mimi naona swali la “iingilie au isiingilie” limekaa vibaya, kwa sababu hata kufunga benki ni kazi ya serikali. Muhimu ni nani abebe hasara kwanza. Northern Rock ya Uingereza ilipotaifishwa Februari 2008, miezi mitano baada ya wateja kupanga foleni milangoni, wenye amana walipona na wanahisa hawakulipwa fidia. Hiyo naielewa.

Tanzania mambo hayakunyooka hivyo. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki ndogo tano kwa upungufu wa mtaji. Bima ya amana wakati ule ilimlipa mteja hadi shilingi milioni 1.5 (siku hizi ni milioni 7.5), aliyekuwa na zaidi alibaki kumsubiri mfilisi, yaani anayeuza mali za benki iliyofungwa ili kulipa madeni yake. Agosti mwaka huohuo, Bank M ilipokosa ukwasi, haikufungwa. Iliwekwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na mapema 2019 mali na madeni yake yakahamishiwa Azania Bank, ambayo sehemu kubwa ya hisa zake iko mikononi mwa mifuko ya hifadhi ya jamii. Hazina haikutajwa. Lakini mifuko hiyo hujazwa na makato ya mishahara ya wafanyakazi, ambao hakuna aliyewauliza kama wangependa kuipokea Bank M.