Dhana potofu kuhusu ukocha, na ukweli kutoka kwa Jukka Jalonen wa Ufini

Katika kozi za makocha ninazoendesha, mchezaji anayekaribia kustaafu huniuliza karibu kila mara swali lile lile: kwa kuwa amecheza ligi kuu miaka mingi, kuna haja gani ya kuanza kufundisha vijana? Wazazi nao hulalamika kwamba mtoto wao amekabidhiwa kocha ambaye jina lake hawakuwahi kulisikia alipokuwa mchezaji. Nimejibu maswali haya hadi nimechoka, na sasa nimeamua kuyajibu kwa maandishi nikitumia mfano wa mtu mmoja, Jukka Jalonen, kocha wa hoki ya barafuni ambaye historia yake inazipinga dhana nyingi zinazoletwa mbele yangu.

Dhana ya kwanza, ambayo ndiyo inayonikera kuliko zote, inasema kwamba mchezaji mkubwa ndiye atakayekuwa kocha mkubwa, na kwamba mtu asiyewahi kuwa nyota hawezi kuwaongoza nyota.

Jalonen alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa Riihimäki. Alicheza hoki kwao Ufini, lakini hakucheza hata dakika moja katika ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, na hakuna aliyemhesabu miongoni mwa wakubwa wa kizazi chake. Kizazi hicho hicho kilimtoa Jari Kurri, aliyezaliwa mwaka 1960, ambaye alitwaa Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa NHL, mara tano akiwa na Edmonton Oilers, akafunga mabao 601 katika msimu wa kawaida wa NHL na kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki mwaka 2001. Kama dhana hii ingekuwa kweli, Kurri ndiye angesimama nyuma ya benchi, na Jalonen angekata tiketi ya kumtazama. Mwaka 2011 huko Bratislava mambo yalikuwa kinyume: Kurri alikuwa meneja mkuu wa timu ya taifa, Jalonen alikuwa kocha, na Ufini iliichapa Uswidi 6–1 katika fainali na kurudisha ubingwa wa dunia iliokuwa imeukosa kwa miaka 16. Kila mmoja alikuwa mahali panapomfaa, na sijawahi kusikia kwamba Kurri aliona haya kufanya kazi na mtu ambaye yeye Kurri alimpita kwa kila takwimu ya uchezaji.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama kwenye benchi la ufundi. Mchezaji wa hoki hukaa kwenye barafu kwa takriban sekunde 45 kwa zamu, kisha anarudi benchi kupumua, na katika muda huo anachohitaji kujua ni kazi yake na ya wenzake wanne walio naye. Kocha ana wachezaji 20 wa ndani na makipa wawili. Safu nne za washambuliaji na jozi za walinzi hubadilishwa mchezo ukiendelea, bila filimbi. Kocha anapaswa kujua ni safu gani inachoka, ni mlinzi gani wa mpinzani aliyetoka kuingia, na kama kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira, kiko mbali vya kutosha ili watu wake watoke bila kuacha pengo. Mchezo unaposimama, timu inayohesabiwa mwenyeji ndiyo yenye haki ya kubadilisha ya mwisho, kwa hiyo uchaguzi wa nani akabiliane na nani ni vita vidogo vinavyorudiwa mara kadhaa kila kipindi. Mapumziko ya kuomba ni moja tu, ya sekunde 30, kwa mechi nzima. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalojifunzwa kwa kufunga mabao. Nyota mara nyingi alifanya mambo kwa hisia za mwili, na anapoulizwa na kijana alifanyaje, hubaki kusema "nilikiona tu". Mchezaji wa kawaida, aliyelazimika kufikiri ili asiachwe nje ya kikosi, huja kozini akiwa tayari na nusu ya maelezo.

Anayebisha aitazame Ufini ya mwaka 2019. Jalonen alikwenda kwenye mashindano ya dunia huko Slovakia na kikosi ambacho karibu chote kilitoka katika ligi za Ulaya, pamoja na kijana wa miaka 18, Kaapo Kakko, na nahodha Marko Anttila, mtu wa mita mbili na ushee ambaye hakuwa tishio kwa yeyote aliyesoma orodha za wafungaji. Katika robo fainali dhidi ya Uswidi, Anttila alisawazisha zikiwa zimesalia dakika chini ya mbili, na Ufini ikashinda 5–4 katika muda wa nyongeza. Katika nusu fainali Urusi ilikuwa na Ovechkin, Malkin na Kucherov, na huyu wa mwisho alikuwa ametoka kukusanya pointi 128 katika msimu mmoja wa NHL. Matokeo yalikuwa 1–0 kwa Ufini, mfungaji Anttila. Fainali dhidi ya Kanada iliisha 3–1, mawili yakiwa ya Anttila yule yule. Kikosi kile kingeshindana na Urusi kipaji kwa kipaji, kingepotea kipindi cha kwanza. Kilishinda kwa kuwa kila mchezaji alijua asimame wapi wakati kisahani hakiko kwake, na hilo ni jambo linalofundishwa.

Sasa nirudi kwa yule anayeuliza kuhusu vijana. Kabla ya timu ya taifa, Jalonen alifanya kazi katika klabu, na mwaka 2006 aliipa HPK ya Hämeenlinna, klabu ya mji mdogo, ubingwa wake wa kwanza wa Ufini. Baada ya ubingwa wa dunia alikwenda St. Petersburg kuifundisha SKA, klabu tajiri yenye nyota wa kila aina, tangu mwaka 2012 hadi 2014, na hakuondoka na kombe la ligi. Kisha akafanya nini? Alichukua timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 20. Bingwa wa dunia alirudi kuwafundisha watoto wa sekondari, na mwanzoni mwa mwaka 2016 mjini Helsinki akashinda ubingwa wa dunia wa vijana, 4–3 dhidi ya Urusi katika muda wa nyongeza, akiwa na Patrik Laine, Jesse Puljujärvi na Sebastian Aho kabla hawajacheza mechi hata moja ya NHL. Aliporudi timu ya wakubwa mwaka 2018, alikuwa ameshakaa na kizazi kipya. Ndiyo maana ushauri wangu haubadiliki: anza na vijana, na ukishapanda, usione haya kushuka tena. Vijana hukuuliza kwa nini, na kocha asiyeulizwa kwa nini huzoea kutoa amri.

Sisemi kwamba kucheza vizuri ni kikwazo. Kari Jalonen wa Oulu alikuwa mchezaji hodari aliyefika NHL kwa muda mfupi, na kama kocha aliipa Kärpät ubingwa wa Ufini na SC Bern ubingwa wa Uswisi. Lakini naye alipitia kazi ya klabu mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyemkabidhi timu kwa sababu ya mabao yake.

Kwa kuwa nimemtaja: wanaodhani Kari na Jukka ni ndugu wanadanganywa na jina. Hawana undugu. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2022 mmoja aliifundisha Ufini, mwingine Ucheki, wakaondoka na dhahabu na shaba.

Dhana nyingine ni kwamba Wafini hushinda kwa kujilinda tu. Timu inayofunga sita kwenye fainali haijajifungia golini. Jalonen aliwataka wachezaji wake wakimiliki kisahani, warudi nyuma na kupanga upya shambulizi badala ya kukitupa mbele na kukikimbilia. Mpinzani asiye na kisahani hafungi, na hapo watu huona ulinzi. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2022, walipokuwa nyuma 3–0 mbele ya Uswidi katika hatua ya makundi, hawakupaki basi. Walishinda 4–3.

Beijing hiyo hiyo imezaa dhana kwamba dhahabu yake haina uzito kwa kuwa wachezaji wa NHL hawakuwepo. Hawakuwepo kwa timu yoyote. Ufini ilishinda mechi zake zote, ikaifunga timu ya Warusi 2–1 katika fainali na kupata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika hoki. Miezi mitatu baadaye, katika fainali ya mashindano ya dunia huko Tampere, Kanada ilikuja na wachezaji wa NHL. Ufini iliongoza 3–1, ikasawazishiwa dakika za mwisho, kisha Sakari Manninen akafunga katika muda wa nyongeza wakati Mkanada mmoja yuko kwenye kiti cha adhabu na timu yake ikiwa pungufu ya mtu. Na wanaotaka mashindano yenye nyota wote, Jalonen alitwaa shaba katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010.

Wapo pia wanaosema kocha asiyefika NHL hajafika. Alpo Suhonen, Mfini, aliifundisha Chicago Blackhawks msimu wa 2000–01, na msimu huo mmoja ukawa wa kwanza na wa mwisho kwake kama kocha mkuu kule. Milango ya ligi ile kwa makocha wa Ulaya ni myembamba kwa sababu za mazoea ya waajiri, na mazoea ya mwajiri si kipimo cha kazi.

Mwisho ni dhana ya kocha asiyeshindwa. Timu za Jalonen zilimaliza za nne mwaka 2012 na 2013, zikapoteza fainali kwa Kanada mwaka 2021, na kutolewa katika robo fainali mwaka 2023 na 2024. Baada ya hapo aliiachia timu Antti Pennanen, kocha aliyeipa HPK ile ile ya Hämeenlinna ubingwa wake wa pili mwaka 2019.