Kabla Hujatia Saini: Maswali ya Anayeombwa Kushiriki Utafiti Hospitalini

Muuguzi ameniomba nishiriki utafiti. Je, ni sehemu ya matibabu yangu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Daktari anapokutibu, shabaha yake ni wewe upone. Mtafiti ana swali analolitafutia jibu, na jibu hilo huenda likawafaa wagonjwa watakaokuja baadaye, wewe usifaidike na chochote. Shida ni kwamba wote wawili huvaa koti jeupe, na pengine ni mtu yuleyule. Kwa hiyo muulize waziwazi: "Nikikataa, nitaendelea kutibiwa kama kawaida?" Jibu lazima liwe ndiyo. Akisitasita, usisaini.

Nitajaribiwa dawa mpya?

Si lazima. Tafiti nyingi hazina dawa: unajibu maswali, unapimwa presha, unatolewa damu kidogo. Penye dawa mpya, uliza iko hatua ya ngapi. Hatua ya kwanza huwa na watu wachache, mara nyingi kati ya 20 na 100, na hasa huangalia usalama na kipimo cha dawa. Ya pili huhusisha watu wengi zaidi, na ya tatu hufikia mamia au maelfu, dawa ikilinganishwa na tiba iliyopo.

Kwa nini wengine hupewa kidonge kisicho na dawa?

Ili kulinganisha. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliokula machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wenzao. Angewapa wote matunda, angejuaje kilichowaponya? Siku hizi kura ya bahati nasibu ndiyo huamua nani apate nini, na mara nyingi hata daktari hajui. Ni haki yako kuambiwa mapema kwamba kura itapigwa.

Nani ananilinda?

Woga huu una sababu. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli, na wakanyimwa penisilini hata ilipokuwa imeshakuwa tiba ya kawaida. Inauma kuisoma habari hiyo, na ni vizuri iume. Leo utafiti hautakiwi kuanza kabla kamati ya maadili haijaukagua. Jina na simu ya kamati hiyo huandikwa kwenye fomu ya ridhaa, vitafute.

Fomu yenyewe ni ndefu na ngumu. Nifanyeje?

Usisaini ukiwa umesimama dirishani na foleni inakusukuma. Omba nakala uende nayo nyumbani, umsomee mtu unayemwamini. Ukirudi, mweleze mtafiti kwa maneno yako mwenyewe: nitakuja mara ngapi, nitatolewa nini, madhara gani yanaweza kunipata, nikidhurika nani atanitibu na kwa gharama ya nani, damu yangu itahifadhiwa muda gani. Ukikwama mahali, hapo hujaelezwa vya kutosha, na kosa si lako. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, ndipo aweke dole gumba.

Nikibadili mawazo katikati?

Unajitoa, wala hudaiwi sababu. Kama unameza dawa ya utafiti, waambie kwanza, maana nyingine si salama kuziacha ghafla.

Nitalipwa?

Kwa kawaida hurudishiwa nauli na kufidiwa muda wako.

Natumia pia dawa za mitishamba. Niseme?

Sema, hata kama unaona aibu. Dawa mbili zinaweza kugombana mwilini, na anayeumia ni wewe. Ukianza kuwashwa, kuvimba au kuhema kwa shida, usingoje siku ya kliniki: nenda hospitali mara moja, upige na ile namba ya dharura iliyo kwenye fomu. Iandike pia kwenye simu ya mtu unayeishi naye.